Faili ya Marehemu Haiombwi kwa Mdomo

Wiki tatu baada ya matanga ya kaka yangu, nilimsindikiza wifi yangu hadi hospitali alikofia mumewe. Tulibeba cheti cha kifo ndani ya bahasha ya kaki, kitambulisho cha marehemu na risiti ya mochari. Kijana wa ofisi ya rekodi alitusikiliza kwa adabu kupitia dirisha dogo la kioo, kisha akasema maneno ambayo tangu siku ile nimeyasikia yakirudiwa na familia nyingi: "Poleni sana, mama. Lakini faili ya marehemu ni mali ya hospitali, haitolewi." Tukamshukuru, tukarudi stendi ya matatu. Hatukumuuliza jina, hatukuacha barua, hatukupewa chochote chenye muhuri. Kwa vitabu vya hospitali ile, siku hiyo hatukufika.

Ilituchukua miezi minane kupata nakala. Mitano kati ya hiyo ilipotea kwa sababu hatukujua tuombe nini, nani aombe, na aombe vipi. Hayo ndiyo ninayotaka kukuambia wewe msomaji uliye Kenya, ambaye pengine mwezi huu umemzika mtu wako na bado kuna swali linalokuamsha usiku.

Wifi hakuwa na nia ya kumshtaki mtu. Kaka aliingia hospitali Jumanne jioni akilalamika kichwa, akafa Alhamisi kabla ya mapambazuko. Cheti kikasema kiharusi. Wifi alitaka kujua kama usiku ule alikuwa na mtu karibu, kama alisema lolote, na kwa nini mtu wa miaka 44 asiyevuta sigara apasuke mshipa kichwani. Wazee walimwambia amwachie Mungu. Alikwisha kumwachia Mungu, na bado alikuwa na watoto wawili wa damu ya mtu yule.

Kijana wa dirishani alisema nusu ya ukweli. Jalada na karatasi zake ni za hospitali kweli, na hakuna hospitali inayopaswa kukuacha uondoke nazo. Zikipotea njiani, ushahidi wote umepotea. Nakala ya kilichoandikwa humo ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo neno la kwanza la kubadilisha ni hilo: usiseme "naomba faili", sema "naomba nakala zilizothibitishwa".

Kabla ya kurudi dirishani, anzia nyumbani. Karibu kila nyumba yetu ina mfuko wa plastiki chini ya kitanda au juu ya kabati wenye kadi za kliniki, picha za eksirei, vikaratasi vya maabara na maandishi ya daktari yasiyosomeka. Kama marehemu ni mama aliyefariki akijifungua, kuna kile kijitabu cha mama na mtoto. Kusanya vyote, panga kwa tarehe. Kisha tafuta bili, tena ile iliyochambuliwa kitu kimoja kimoja, usiridhike na jumla ya mwisho. Anayelipa bili ana haki ya kujua analipia nini, na watu wa hesabu huitoa bila ubishi mkubwa kwa sababu wao wanataka pesa. Bili ya namna hiyo husema mengi: sindano gani ilitolewa tarehe gani, oksijeni ilitumika saa ngapi, damu iliagizwa lini, daktari bingwa aliitwa mara ngapi. Sisi tuligundua kwenye bili kwamba Jumatano mchana kaka alipigwa picha ya tumbo kwa mashine ya altrasaundi. Hakuna aliyetuambia habari ya picha hiyo. Mtu mwenye maumivu ya kichwa, ya nini kumpiga picha tumbo? Swali hilo ndilo lililotufanya tujue ukurasa gani tuuombe kwa jina.

Na kurasa zina majina. Ukiandika "naomba habari zote", utapewa muhtasari wa ukurasa mmoja uliochapishwa vizuri, ambao unaeleza kila kitu isipokuwa unachotafuta. Ndani ya jalada kuna maelezo ya daktari siku ya kulazwa na kila alipopita wodini. Kuna karatasi ya dawa, ambapo muuguzi hutia sahihi kila anapotoa dozi. Dozi isiyotolewa huacha nafasi tupu. Kuna chati ya uangalizi yenye joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha, na chati ya maji yaliyoingia na yaliyotoka. Kuna maelezo ya wauguzi, wao huyaita kadeksi, yanayoandikwa zamu kwa zamu. Kuna majibu ya maabara na ya picha, barua ya rufaa kama mgonjwa alitoka kituo kingine, na fomu ya ridhaa na karatasi ya usingizi kama alipasuliwa. Kwa mama wa uzazi kuna patografu, ule mchoro unaofuata uchungu saa baada ya saa. Kama hospitali imeingia kwenye kompyuta, omba pia kilichochapwa humo, maana siku hizi nusu ya habari iko kwenye karatasi na nusu iko kwenye skrini.

Ukinibana nichague mbili tu, nitachagua kadeksi na chati ya uangalizi. Madaktari hupita, wauguzi ndio wanaokesha. Usiku wa mtu wako umeandikwa humo.

Sasa swali gumu: nani aombe? Kwa desturi zetu, aliyekuwa karibu na marehemu ndiye mwenye neno, awe mke, mzazi, kifungua mimba au ami. Sheria huuliza tofauti. Inauliza nani amekabidhiwa mambo ya marehemu. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mtu huyo ni msimamizi, na wako wa aina mbili. Kama marehemu aliacha wosia na akamtaja mtu wa kuutekeleza, mamlaka ya mtu huyo, mahakama ikishayathibitisha, huhesabiwa kuanzia siku ya kifo. Kama hakuacha wosia, msimamizi huteuliwa na mahakama, na mamlaka yake huanza siku ile hati inapotolewa, wala si kabla. Mahakama ya Rufaa ilishalisema hilo wazi mwaka 1993: kuwa mke au mtoto peke yake hakukupi nafasi ya kusimama mahakamani kwa niaba ya mali ya marehemu mpaka uwe na hati mkononi.

Watu wakisikia mahakama na urithi hukata tamaa, kwa sababu wanafikiria miaka ya kugombania shamba. Ipo njia fupi. Unaweza kuomba hati yenye mipaka, inayokuruhusu kufanya jambo moja tu, kwa mfano kukusanya na kulinda vitu vya marehemu, au kufungua kesi kuhusu kifo chake. Haigusi mgawanyo wa mali, wala haihitaji zile siku 30 za tangazo kwenye Gazeti Rasmi zinazotakiwa kwa hati kamili. Utahitaji cheti cha kifo, kitambulisho chako, hati ya kiapo, na barua ya chifu inayowataja warithi. Mwambie chifu ukweli kuhusu wake na watoto wote, hata wale ambao ukoo hauwataji kwa sauti. Barua yenye uongo hurudi kuwauma wote baadaye. Waislamu wanaweza kupeleka mambo ya urithi kwa Kadhi ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wamekubali.

Je, lazima uwe na hati hiyo ndipo hospitali ikupe nakala? Nimeona familia zikipewa kwa barua, cheti cha kifo na cheti cha ndoa tu. Nimeona pia zikiambiwa zirudi na karatasi ya mahakama. Ushauri wangu ni uende kwanza na ulichonacho, kwa maandishi, huku ukianza safari ya hati pembeni. Na mtangulize mtu mmoja. Sisi tulikosea hapo: kwanza nilienda na wifi, kisha ndugu yetu mdogo akaenda peke yake akiwa na hasira, kisha mama mkwe wa kaka akapiga simu. Sauti tatu za familia moja, kila moja na maneno yake. Hospitali ikapata sababu nzuri ya kuogopa kwamba familia ina mgogoro. Kaeni kikao, mchague mmoja, na wengine waandike barua fupi ya kukubali.

Hapa naomba uniwie radhi nikae kidogo upande wa hospitali, kwa sababu jambo hili lina uzito ambao tulio na msiba hatupendi kuusikia. Siri ya mgonjwa haizikwi naye. Kiapo cha madaktari cha Geneva cha mwaka 1948 kiliongezewa mwaka 1968 maneno kwamba siri hutunzwa hata baada ya mgonjwa kufa. Sheria yetu ya Afya ya mwaka 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri, na hazitolewi isipokuwa kwa ridhaa yake ya maandishi, kwa amri ya mahakama au matakwa ya sheria, au pale kunyamaza kunapohatarisha afya ya umma. Aliyekufa hawezi kutia sahihi. Kwa hiyo kijana wa dirishani anapokataa hana haja ya kuwa mtu mbaya. Mara nyingi anaogopa kupoteza kazi.

Na anaogopa kwa haki. Wapo ndugu wanaotafuta faili ili wapate jina la ugonjwa wa kumtupia mjane. Karatasi moja ya maabara imewatosha watu kumtoa mwanamke kwenye boma lake pamoja na watoto. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 haikuliacha jambo hili hewani: majibu ya kipimo cha HIV cha mtu aliyefariki hayatolewi kwa mwingine ila kwa ridhaa ya maandishi ya mwenzi wake au msimamizi wake. Shemeji si mwenzi, na mzee wa ukoo si msimamizi. Mimi nakubaliana na sheria hiyo kwa moyo wote, hata siku ambayo ningekuwa mimi ninayekataliwa. Ukiwa mjane na ukahisi watu wanazunguka hospitali kutafuta siri za ndoa yako, wahi wewe kuandika barua ukiiambia hospitali kwamba hujaridhia.

Kutokana na hilo, omba kile unachokihitaji tu, na useme kwa nini unakihitaji. Sababu ndiyo inayofungua mlango. Mtu anayeandika "tunataka kujua ukweli" anaeleweka na kila mwanadamu, lakini afisa hana pa kumwekea. Anayeandika "nahitaji majibu ya picha ya figo kwa sababu watoto wake wanaweza kuwa na ugonjwa huohuo" amegusa haki inayotambulika.

Haki hiyo imo katika Katiba ya 2010. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Inampa pia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote, ikiwa zinahitajika ili kutumia au kulinda haki yake. Sehemu ya kwanza inagusa hospitali za umma, za kaunti na za taifa. Ya pili inagusa za binafsi. Ibara ya 43 nayo inampa kila mtu haki ya afya bora kadiri inavyowezekana. Ukiziunganisha, mtoto wa marehemu anayetafuta kujua ugonjwa wa kurithi haombi fadhila. Anaomba habari anayoihitaji ili ailinde haki yake mwenyewe. Hiyo ni hoja tofauti na ya kumrithi baba, na kwa maoni yangu ni nzito zaidi, kwa sababu haimtegemei marehemu. Inamtegemea aliye hai.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ndiyo inayoeleza njia kwa upande wa umma, nami nataka kila msomaji aijue kwa sababu imeandikwa kwa kumjali mtu wa kawaida. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Huhitaji wakili wala Kiingereza cha mahakamani. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anapaswa kusaidiwa na afisa mwenyewe. Kuomba ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya kunakili tu, isiyozidi gharama halisi. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 kama kurasa ni nyingi mno. Wakinyamaza mpaka muda upite, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na hapo una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita ofisi ya Ombudsman. Ndiyo maana tarehe ya muhuri kwenye nakala yako ya barua ni muhimu kuliko maneno yote uliyozungumza dirishani.

Barua yenyewe isizidi ukurasa. Ile iliyotufanikisha ilisema hivi, nikiondoa majina:

"Kwa Afisa Mkuu wa Hospitali. Mimi ni mjane wa marehemu aliyelazwa katika wodi ya wanaume Jumanne tarehe iliyotajwa hapo juu na kufariki Alhamisi iliyofuata. Nambari yake ya mgonjwa imeandikwa hapo juu. Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nakala zilizothibitishwa za maelezo ya madaktari, kadeksi, chati ya uangalizi, karatasi ya dawa, na majibu ya picha ya tumbo aliyopigwa Jumatano. Nazihitaji ili nijue kama ugonjwa uliomuua ni wa kurithi, kwa ajili ya afya ya watoto wetu wawili. Niko tayari kulipia kunakili. Kama kuna ukurasa mtakaoukataa, naomba sababu kwa maandishi. Nimeambatanisha cheti cha kifo, cheti cha ndoa, kitambulisho changu na barua ya familia."

Tuliipeleka kwa mkono, nakala mbili. Moja ikabaki, nyingine ikagongwa muhuri na kuandikwa tarehe. Sentensi iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ni ile ya kuomba sababu kwa maandishi. Ni rahisi kusema "haitolewi" kwa mdomo. Kuyaandika hayo na kutia sahihi ni kazi nyingine.

Hospitali ya binafsi mara nyingi itakutajia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Jibu kwa upole kwamba haki ambazo sheria hiyo inatoa ni za mwenye data, naye amefariki. Wewe unaomba kwa Ibara ya 35, kama msimamizi wake au kama mtu anayelinda haki yake mwenyewe. Ikishindikana, wakili anaweza kuomba amri ya mahakama, ambayo Sheria ya Afya yenyewe inaitambua. Na kama bado kuna deni la bili, usikubali deni na nakala vifungwe kamba moja. Mahakama Kuu imesema zaidi ya mara moja kwamba hata maiti haiwekwi rehani. Deni lina njia zake za kudaiwa.

Ipo njia nyingine ambayo watu huisahau: malalamiko kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Kulalamika huko hakuhitaji hati ya usimamizi. Baraza likilichukua jambo, hospitali hutakiwa kujibu na kuleta maelezo ya matibabu, kwa hiyo kile ulichonyimwa dirishani huwekwa mezani. Wauguzi na matabibu wana mabaraza yao. Ila usilalamike kwa kusudi la kupata karatasi tu, ikiwa huna shaka na matibabu. Nimewaona madaktari vijana wakikaa na shutuma shingoni miezi na miezi kwa kifo ambacho hakuna mkono wa mwanadamu ungekizuia, na hiyo pia ni dhuluma.

Kama shaka unayo, basi saa inakimbia, na hapa sitazunguka. Kesi ya uzembe kwa kawaida ina miaka 3. Lakini dhidi ya Serikali, Sheria ya Ukomo wa Kesi dhidi ya Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inatoa miezi 12 tu. Ikiwa mtu wako amefia hospitali ya umma, hesabu mwaka mmoja tangu siku ya tukio, na umwone wakili mapema ndani yake. Siku 21 za kujibiwa, 14 za nyongeza, na za kukata rufaa kwa Tume, zote zinakatwa humo humo. Mjane wa Kiislamu aliye katika eda ana miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na si lazima muda huo upotee: aandike na kutia sahihi barua akiwa nyumbani, kijana wake aipeleke na kurudi na muhuri.

Mambo mengine hayangoji hata mazishi. Hospitali hutoa taarifa ya kifo, fomu ya D1, ambayo ndiyo inayozaa kibali cha mazishi na hatimaye cheti. Isome kabla ya kuikunja. Angalia jina, umri, na chanzo cha kifo kilichoandikwa. Kama hukielewi, muulize daktari aliyetia sahihi hapo hapo, akiwa bado anamkumbuka mgonjwa. Kuhusu uchunguzi wa maiti, familia inaweza kuomba ufanywe na inaweza kuleta daktari wake wa kuushuhudia. Najua kwetu Pwani janaza haicheleweshwi, na wengi huona kumpasua maiti ni kumuumiza mara ya pili. Siwahukumu, na sisi hatukuomba. Lakini ujue kwamba ukiuacha, faili ndiyo inayobaki kuwa shahidi wa pekee, kwa hiyo andika barua wiki hiyo hiyo kuitaka hospitali iitunze. Maneno mawili matatu yanatosha. Pale kifo kilipotokana na ajali, kipigo, sumu au jambo la kutatanisha, polisi huingia, na ripoti ya uchunguzi utaifuata kwao.

Kwa wenye ndugu waliofia ng'ambo, mambo huwa tofauti. Uingereza ina sheria ya mwaka 1990 inayozungumzia rekodi za marehemu waziwazi: msimamizi wake, au mwenye dai linalotokana na kifo, anaweza kuomba, na kama marehemu aliacha neno kwamba hataki zifunuliwe, neno hilo huheshimiwa. Marekani hulinda rekodi za mtu miaka 50 baada ya kufa kwake, na msimamizi husimama mahali pake. Ningependa Bunge letu litunge kifungu cha namna hiyo, kifupi na chenye kumtaja marehemu, ili familia zisiendelee kuunganisha haki yao kwa vipande kutoka sheria tano.

Hadi siku hiyo, walio hai wanaweza kurahisisha mambo. Andika wosia umtaje msimamizi. Sheria yetu inautambua hata wosia wa mdomo ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeusema akafa ndani ya miezi 3. Lakini karatasi ni bora. Ongeza mstari mmoja unaosema nani aone rekodi zako za matibabu, na kama kuna jambo usilotaka lionekane, liseme. Hiyo ndiyo ridhaa ya maandishi ambayo kila hospitali huitafuta na huikosa.

Nakala zetu zilitoka siku ya kumi na tisa baada ya muhuri, kurasa 43, zimebanwa kwa pini ya karatasi. Yule kijana ndiye aliyetukabidhi. Hatukuzisoma njiani. Tulizipeleka kwa jirani yetu, tabibu mstaafu, naye akatukataza kuzifungua usiku. Fanya hivyo na wewe: zisome mchana, na mtu anayejua vifupisho vyao, na mtu mwingine wa kukushika mkono.

Kwenye kadeksi, saa tisa na nusu usiku wa Alhamisi, muuguzi ameandika kwamba mgonjwa ameamka, ameomba maji, amepewa kidogo kwa kijiko, na ameuliza kama kumekucha. Wifi aliomba mstari huo usomwe tena. Kisha akasema basi, endeleeni.

Majibu ya altrasaundi yalikuwa ukurasa wa 31. Figo zote mbili zilikuwa zimejaa vifuko vya maji. Tabibu alitueleza kwamba huo ni ugonjwa wa kurithi, kwamba hupandisha presha, na unaweza kudhoofisha mishipa ya kichwa, na kwamba kila mtoto wa mwenye ugonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Chini ya majibu, kwa mkono wa daktari wa zamu, kulikuwa na maneno machache: watoto na ndugu wa mgonjwa wapimwe. Aliyaandika Jumatano jioni. Alfajiri mgonjwa akafa, jalada likafungwa, na hakuna aliyetupigia simu.

Mpwa wangu mkubwa ana miaka 17. Alipimwa mwezi uliofuata, akakutwa na vifuko hivyo. Presha yake ilikuwa imekwisha kupanda, naye sasa anameza kidonge kila asubuhi na anaonwa na daktari wa figo kila baada ya miezi 6. Mdogo wake hana. Mimi nilipimwa baada yao, nami ninavyo.